Redio Namba Tisa

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya ubishi. Kweyu anasema sijawahi kumaliza jambo nisilolipwa. Kweyu ni mdogo wangu, fundi wa kushona viti vya magari, na mdomo wake haukai kimya kama cherehani yake. Nimemwambia nitaandika masika yote, kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho. Tutaona nani atacheka.

Mimi ni Nangila, fundi wa redio za mkononi, zile wokitoki za walinzi. Kibanda changu kiko Kariobangi, kando ya Opicho anayechomelea milango. Mwaka jana mimi na Kweyu tulijiunga na kundi la watu wanane wa Eastlands wanaopanda milima Jumamosi. Kiongozi wetu ni Sylvance Odera, karani anayekaa Makadara, mtu wa sauti nzito na mpango kwa kila kitu. Kule tunakopanda, ukingoni mwa Bonde la Ufa, simu hazishiki mtandao, na mwezi uliopita Celine alipotea kwa saa tatu kwenye mianzi. Celine ni mwalimu wa chekechea, na alirudi akilia kama wanafunzi wake. Basi Sylvance akaniambia, "Fundi, tutengenezee redio."

Nimetengeneza tisa. Nane za kundi, ya tisa ya akiba. Nimezipaka namba kwa rangi nyeupe ya kucha na kuziweka zote kwenye chaneli moja. Kila redio ya mkono wangu ina alama: ukiachia kitufe inalia mara mbili, ti-ti, mwenzako ajue umemaliza. Hapa mjini hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Najivunia, na sioni haya kusema.

Jumanne, 11 Machi

Mteja wa sweta la kijani alikuja kutafuta redio moja. Anasema analinda mjengo. Alikuwa na shaka kama inafika mbali, nikaona ananidharau. Nikampandisha juu ya paa la ghorofa, nikashika namba tisa, nikamwita Sylvance akiwa Makadara. Akajibu wazi kabisa: "Nakupata fundi! Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tunaanzia Gatamu, usichelewe!" Sweta la kijani akacheka, akalipa hapo hapo, akaondoka nayo. Nitatengeneza nyingine ya akiba.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kibanda kinavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumamosi, 15 Machi

Siku njema. Redio zimefanya kazi kama nilivyotaka. Sylvance yuko mbele, Kweyu nyuma kabisa kama mkia, na kila nusu saa mkia unatangaza: tuko hapa, tumebaki wangapi, nani amechoka. Huo ndio utaratibu wa Sylvance. Kweyu anatangaza kama mtangazaji wa mpira, mpaka tukawa tunacheka njia nzima.

Tuna mwongoza njia, Mbugua, mzaliwa wa Gatamu, makamo, mpole kupita kiasi. Tulipopumzika alinijia. "Dada, usinielewe vibaya. Hizi redio ni nzuri. Lakini huyu kijana wa nyuma asiwe akisema wako wapi na wako wangapi. Huku porini kuna masikio."

Nilimwambia ahangaike na njia, redio aniachie mimi. Akasema "sawa dada" na kwenda kukaa na chai yake. Watu wapole huniudhi, sijui kwa nini.

Jumapili, 23 Machi

Mvua wiki nzima. Hatukwenda.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika, nisipoandika nitavunja kitu.

Saa nne na nusu tulikuwa tumevuka Mto wa Pili. Mimi nilikuwa katikati. Kweyu akatangaza: "Mkia hapa. Niko na Celine tu, kiatu chake kimekatika. Tuko chini ya mwamba wenye msalaba. Nyinyi endeleeni." Ti-ti.

Baada ya dakika kumi hivi redio ikafunguka tena. Tulisikia Celine akipiga mayowe, na sauti ya mwanamume ikisema leta, leta, leta. Kweyu alikuwa amebonyeza kitufe na hakukiachia. Mwenye kubonyeza ndiye mwenye chaneli, kwa hiyo sote tuliotangulia tulisikia kila kitu na hakuna aliyeweza kumjibu. Nilisikia mdogo wangu akisema, "Nangila, wako na panga." Nikapiga kelele kwenye redio kama mjinga, najua fika hanisikii. Kisha pakatokea kishindo kama mtu anapasua kuni, na papo hapo, ti-ti. Kitufe kilikuwa kimeachiwa.

Mbugua ndiye aliyekimbia wa kwanza. Alinipita akiteremka mbio kwenye matope, mzee yule. Tulipofika kwenye mwamba Mbugua hakuwepo. Celine alikuwa ameketi amemkumbatia Kweyu. Wezi wawili waliofunika nyuso walikuwa wamekwenda na mkoba wa Kweyu. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa kwenye majani, kando ya redio namba nane. Niliokota vidole. Niliviweka kwenye kikombe changu cha chai. Sijui nilidhani nitavishona kwa waya.

Mbugua alirudi baada ya saa nzima, amechanika suruali, akasema aliwafuata akawapoteza mtoni. Sylvance alimtazama sana. Tulipokuwa tunambeba Kweyu kuteremka, aliniinamia sikioni: "Kikulacho ki nguoni mwako, Nangila. Saa nzima alikuwa wapi?"

Neno liliingia, likakaa.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari amesema vidole haviwezi kurudi. Kweyu anauliza, "Sista, cherehani naishika na nini sasa?" Anauliza kama mtu anayeulizia chumvi. Afadhali angelia.

Ijumaa, 4 Aprili

Tangu Jumamosi nilikuwa nikimtafuna Mbugua kichwani. Alijuaje kwamba porini kuna masikio? Mbona aliniambia mapema? Mtu huonyaje jambo asilolijua? Sylvance alipiga simu kila siku na kila siku tulikubaliana zaidi.

Leo saa nane mchana nilikuwa kibandani, mvua imepusa kidogo. Nikasikia, "Hodi hapa kwa fundi." Nikainua macho. Mbugua, ameshika kofia, miguu yote matope. Begani ana mkoba wa Kweyu. Ule ule, wa bluu, na kiraka nilichokishona mimi.

Hakusema neno jingine. Sikumpa nafasi. Nilisema, "Mwizi!"

Nililisema mara moja tu. Aliyekulia Kariobangi anajua kwamba mara moja inatosha. Nilikuwa na redio namba tatu mkononi, nzito, ina betri kubwa, nikampiga nayo upande wa kushoto wa kichwa, sikioni. Ikapasuka. Akaanguka juu ya sanduku la vyuma vya Opicho, na kabla hajainuka Opicho alikuwa ameshatoka na nondo.

"Ni huyu?" Opicho akauliza.

"Ndiye. Ndiye aliyemkata Kweyu."

Walikuja makanika, mafundi wa mabati, wa viatu, watu ambao hawajui Kweyu ni nani. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Nondo moja, viatu vingi. Nilisikia mbavu zikivunjika, na nitasema kweli kwa kuwa hili ni daftari langu: nilifurahi. Mbugua hakupiga kelele. Alikuwa amejikunja, ameukumbatia ule mkoba kifuani, na kila alipopigwa alizidi kuubana. Mtu akasema, "Leta tairi." Mwingine akasema, "Petroli iko kwa Opicho." Tairi lilikuja. Walimvisha shingoni. Nilikuwa nimesimama hatua tatu, mikono mitupu, na sikusema acheni.

Waliacha kwa sababu polisi wa doria walipita na kufyatua risasi hewani. Umati ukayeyuka, kila mtu akarudi kwenye kazi yake, nyundo zikaanza tena kulia. Polisi akaniuliza nani amempiga. Nikasema, "Umati." Akaandika. Akauliza huu mkoba ni wa nani. Nikasema ni wa ndugu yangu, uliibwa, tumemshika nao. Akaandika hilo pia.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikio lake lilikuwa linatoa damu. Nimeota hilo tu.

Jumatano, 9 Aprili

Mbugua yu hai. Wamemfunga pingu kwenye kitanda cha hospitali. Akiweza kusimama atapelekwa korti ya Makadara kwa kupatikana na mali ya wizi. Mimi ni shahidi. Sylvance amefurahi: "Umefanya kazi poa, fundi. Wengine wataogopa."

Kweyu hakufurahi. Mkoba ulilala kwetu usiku mmoja, naye akaufungua kabla polisi hawajauchukua. Kitambulisho kilikuwemo, na barua ya mama, na hata ile sindano yake kubwa ya kushonea ngozi. "Mwizi gani huyu, Nangi? Anatoka Gatamu kuniletea kitambulisho?" Nilimwambia anyamaze, alale.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mama wa uji, anayeuza hapo kando ya kibanda changu, ameniambia Mbugua alipita kwake kwanza siku ile, akauliza kwa heshima kibanda cha fundi wa redio ni kipi, akanywa kikombe. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema, "Uliniuliza?"

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Nimetengeneza redio namba tatu. Kifuniko kipya. Ndani palikuwa na nywele.

Jumamosi, 3 Mei

Sylvance alisema turudi, wasidhani tumeogopa. Tulikuwa saba, redio saba. Ya Kweyu niliiacha nyumbani rafuni, betri nimeitoa. Mwongoza njia hatukuwa naye, nani angetuongoza?

Tulivuka Mto wa Pili saa nne. Nilikuwa nyuma na Celine. Pakawa kimya, mvua nyembamba. Mara redio ikalia: ti-ti. Bila sauti ya mtu. Kama mtu amegusa kitufe kwa bahati mbaya.

Nikauliza nani amebonyeza. Sylvance akasema si yeye. Nikawauliza mmoja mmoja, wote sita. Hakuna. Celine ananitazama tu, redio yake iko mfukoni imezimwa kuokoa betri.

Milio miwili ni ya mkono wangu. Zenye chaneli yetu ni tisa tu, ya akiba nyingine sijaitengeneza bado. Saba ziko hapa, moja iko rafuni. Ya tisa nilimuuzia sweta la kijani juu ya paa, na chaneli yetu ndani yake, na sauti ya Sylvance ikimtajia saa na mahali. Sikuifuta. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Kumbe tangu Machi tulikuwa tunawatangazia wezi. Tuko hapa, tumebaki wawili, mmoja kiatu kimekatika. Mbugua aliniambia. Aliniambia kwa upole na mimi nikamrudishia kwa redio ya sikio.

Sikuwaambia wenzangu yote. Nilimtuma Celine awafuate kwa miguu, awarudishe kimya kimya wajifiche nyuma ya mwamba wenye msalaba. Wote walipofika nikabonyeza. "Mkia hapa. Niko na Celine peke yetu. Ameteguka mguu, hawezi kutembea. Tuko kwenye mwamba. Nyinyi endeleeni." Ti-ti. Nikaketi chini, nikangoja.

Walikuja wawili, na panga lile. Aliyetangulia alikuwa amenifikia hatua mbili watu wetu walipotoka. Mwenzake alikimbia. Huyu aliinua panga, likanipata begani, si sana, na fimbo ya Sylvance ikamvunja mkono. Akaanguka. Kitambaa kikatoka usoni. Sweta la kijani, hata hakubadilisha nguo.

Walimpiga. Mimi nilijua tayari inavyokwenda: wa kwanza anapiga kwa sababu, wa pili kwa hasira, wa tatu kwa kuwa wengine wanapiga. Celine, mwalimu wa chekechea, alikuwa anampiga jiwe la goti. Safari hii nilisema acheni. Hawakunisikia. Nikajilaza juu yake, mateke mawili yakaniingia mimi, ndipo wakaacha.

Yule mtu akanitazama, mdomo wote damu, na akanitambua. "Si wewe ndio uliniuzia? Fundi. Si ulisema inafika Makadara."

Sylvance akaitoa redio mfukoni mwake. Namba tisa, rangi nyeupe ya kucha, hata haijabanduka. Akaigeuza, akanitazama, akanirushia, kisha akampiga yule mtu teke la mdomo ili asiseme zaidi.

"Sikizeni," Sylvance akasema. "Tukimpeleka kwa polisi ataongea. Akiongea, Mbugua ni innocent, hana kosa. Mbugua akiwa innocent, wataanza kuuliza nani alimgonga. Mnataka Nangila aende ndani? Mnataka sisi wote tuitwe? Wacha huyu aende. Ameshajua sisi ni nani."

Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha. Yule mtu akaondoka akitambaa kwenye majani, mkono unaning'inia. Tulimwachilia mwizi ili tuendelee kuwa watu wema.

Jumapili, 4 Mei

Sylvance amepiga simu. "Umati ulimpiga, fundi. Umati hauna kesi. Shikilia hapo tu." Nilikuwa namheshimu mtu huyu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda hospitali. Kitandani pingu ziko mguuni, si mkononi, kwa kuwa mkono una plasta. Mke wake, Mama Gathoni, alikuwa anamlisha mchuzi. Hakunijua. Alinikaribisha kiti. "Ongea upande huu, mama. Lile la kushoto limekufa. Alikuwa anarudisha mkoba aliouokota mtoni."

Nilisema natoka kwenye kundi la wapanda milima, tunamtakia afueni. Mbugua alinitazama mpaka nikaangalia sakafu. Akasema, "Kijana anaendeleaje? Mkono?"

Nikasema unapona. Nikaacha machungwa, nikatoka. Nilikwenda kusema na sikusema.

Jumanne, 20 Mei

Jua mchana, mvua jioni. Nimemwambia Kweyu yote. Alinisikiliza akizungusha kikombe kwa vidole vitatu. Niliogopa atanichukia. Akasema, "Vidole vyangu ni bahati mbaya, sista. Sikio lake si bahati mbaya." Akaenda kulala.

Jumanne, 27 Mei

Korti ya Makadara. Sylvance alikaa nyuma, amevaa tai. Opicho hakuja. Mbugua aliletwa akichechemea, akasimama kizimbani akiwa ameligeuza sikio zima upande wa hakimu. Mimi nilikuwa upande wake wa kushoto.

Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nautambua mkoba. Nikasema ndiyo. Akauliza ulipatikana na nani. Nikasema, "Na huyu. Alikuwa ameuokota akatuletea. Alibisha hodi mchana kweupe. Mwenye kuiba hafanyi hivyo."

Mwendesha mashtaka akageuza karatasi zake. Nikatoa namba tisa kwenye pochi, nikaiweka mezani, nikaeleza: paa, sweta la kijani, chaneli nisiyoifuta, mwamba, jinsi tulivyomwachilia yule mwizi. Nilisikia kiti cha Sylvance kikikwaruza na mlango ukifungwa.

Hakimu alikuwa mama mmoja wa miwani. Alifunua jalada. "Na majeraha ya mshtakiwa? Hapa umeandikisha umati."

"Niliandikisha uongo."

"Nani alimpiga?"

"Mimi nilimpiga wa kwanza, na redio, hapa sikioni. Mimi ndiye niliyesema mwizi. Walionifuata walinifuata mimi. Jina la umati ule ni Nangila."

Mbugua hakuwa amesikia. Alikuwa anatazama midomo ya watu, anatafuta kama ni habari njema au mbaya. Karani wa korti akainuka, akamwendea upande wa kulia, akamwambia kwa sauti, "Anasema ni yeye aliyekupiga."

"Najua," Mbugua akasema. "Nilimwona."

Hakimu akamuuliza mbona hakuwaambia polisi.

"Ndugu yake alikuwa amekatwa. Nilijua ana uchungu." Akanigeukia, akanitazama usoni. Hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo. "Lakini nilibisha hodi, dada. Nilikuwa nangoja uniulize."

Walimfungulia pingu hapo hapo. Nilipelekwa chumba cha pembeni, nikaandika maelezo yangu upya, kurasa sita, nikatia sahihi. Kweyu ameniwekea dhamana. Sahihi yake sasa ni ya mkono wa kushoto, karani alilazimika kumuuliza jina mara mbili.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekatika. Jumatatu nasomewa mashtaka, na sitakana. Nimemkabidhi mama wa uji funguo za kibanda.

Kundi limezirudisha redio. Walizitupa mlangoni kwenye gunia, hakuna aliyebisha hodi. Nimeketi nazo asubuhi yote, pamoja na yangu na ya Kweyu, namba moja mpaka namba nane, nikafuta chaneli katika kila moja. Kazi yenyewe ni kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kungoja. Nimepima kwa saa ya Kweyu. Inachukua sekunde nne.